Nimelipa hela ya kukaa na kusimama?

Wiki iliyopita, hapa kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mama mmoja kaniambia mbele ya wateja wengine, tena kwa sauti, "Yaani mimi natoa hela yangu nije kukaa na kusimama kwenye kiti? Kiti si hata nyumbani ninacho." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila moyoni nilichomeka. Maana sio wa kwanza. Kila baada ya muda kuna mtu anaondoka hapa anajiona katapeliwa, kisa alikuja na goti bovu akitegemea mashine yenye mataa, au angalau masaji ya nguvu, akakuta kiti, tepu ya kupimia na mtu ameshika saa. Basi leo niandike, ili mkija mjue mnalipia nini.

Wengi wa magoti wanaingia na maneno yaleyale: "nimeambiwa ute umeisha, mifupa inasagana." Sawa, ila nikilishika lenyewe nakuta limevimba tepetepe, majimaji yamejaa humo ndani kuliko kawaida, sasa ute umeisha wapi? Mara nyingi ute upo, tena mwingi, ila umekuwa mwepesi hautelezeshi kama zamani. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka jeupe linalong'aa kwenye ncha za mifupa, kama umewahi kuona kiungo cha mnyama aliyetoka kuchinjwa ukapitisha kidole pale mifupa inapokutana unajua linavyoteleza. Kwenye goti unene wake ni kama milimita 2 mpaka 4 tu, nyuma ya pia ya goti linazidi kidogo. Sehemu kubwa yake ni maji yaliyonaswa kwenye wavu wa kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini, na seli za kulitunza ni za kuhesabu. Halina mshipa wa damu hata mmoja na halina neva, ndio maana linaweza kulika miaka na usisikie kitu, ukija kusikia maumivu ujue yanatoka kwa majirani zake, mfupa wa chini au ile ngozi laini inayozunguka kiungo. Na ndio maana kuna mtu eksirei yake inatisha lakini anatembea fresh, na mwingine picha nzuri analia kila ngazi.

Sasa kitu kisicho na damu kinakulaje? Kwa kukandamizwa. Ukisimama uzito unalibana, maji yanatoka na taka zake, ukikaa linaachia na kufyonza ute wenye chakula, kama sponji. Goti lisilotembezwa linashinda na njaa. Kwa hiyo mama yangu, kile kiti ulichokitukana ndio jiko lenyewe.

Na huko kukaa na kusimama hatufanyi kwa kukisia. Ni sekunde 30, mikono imefumbatwa kifuani, tunahesabu umesimama mara ngapi. Yule mama siku ya kwanza alifika 6 akashika ukuta. Siku anayonifokea alikuwa amefika 11, na kwa hasira zangu nikasahau hata kumwonyesha kadi yake! Nyumbani kiti unacho kweli, ila hakuna wa kukuambia goti linakimbilia ndani kila ukinyanyuka, au kwamba uzito wote umeuhamishia mguu usiouma bila kujua, au kwamba kimo cha kiti kishuke leo kwa sababu paja limepata nguvu. Hiyo ndio kazi yetu, na sitaomba radhi kwa bei yake.

Njia ya mkato wanayoipenda wengi ni sindano. Nieleweke, sina ugomvi na sindano ya steroidi, ile dawa ya kushusha uvimbe, goti likiwa limewaka daktari akichoma moja maumivu yanashuka na mimi napata upenyo wa kumfanyisha mtu mazoezi. Shida ni yule anayeifanya ndio matibabu. Nina mzee wangu mmoja, kila likiuma anapita mahali wanamchoma, anatoka anatembea kama kijana, mimi ananiaga kabisa, "mwanangu nimepona". Baada ya miaka miwili karudi na mkongojo. Siwezi kusema ni sindano peke yake, gegedu lake lilikuwa limeshaanza kwisha, ila kuna utafiti ulitoka Marekani 2017, wagonjwa 140 wa goti, nusu walichomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu wakachomwa maji ya chumvi tu. Wa steroidi ndio waliopoteza gegedu zaidi, na kwenye maumivu hawakuwazidi wenzao kitu. Na likishaenda ni shida kulirudisha, hili daktari William Hunter aliliandika London tangu 1743 na mpaka leo ndio kilio chetu.

Mfupa ni kesi nyingine, huo una damu na unajirudi vizuri, ila una kalenda yake. Ukivunjika mwili haumwagi mfupa mgumu hapohapo, unaanza na damu iliyoganda, halafu kwenye wiki ya pili, ya tatu, unaunganisha vipande kwa gegedu laini, yaani gegedu ndio jukwaa la fundi, mfupa unakuja kujengwa juu yake taratibu. Tatizo ni kwamba hapo maumivu yameshapungua, na ndipo watu wanapojidanganya. Kijana mmoja mcheza mpira alivunjika mguu chini ya goti, wiki ya tano akailoweka plasta kwenye ndoo usiku akaikata na mkasi, eti hasikii kitu na inamwasha. Akaingia uwanjani kupasha tu. Mguu ukapinda palepale. Akalipia upasuaji, akalipia chuma, akaja kwangu miezi mingi na paja limekonda mpaka tepu inaonyesha tofauti ya sentimita tano na mwenzake, halafu mtu wa kulaumiwa kwa gharama nikawa mimi!

Hata baada ya kuunga kazi inaendelea. Ndani ya mfupa kuna seli wabomoaji na seli wajenzi, kila mwaka kama asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima inabomolewa na kujengwa upya, ila wabomoaji wanachimba shimo kwa wiki chache na wajenzi wanalijaza kwa miezi. Wanajenga zaidi panapobeba mzigo, jambo ambalo Mjerumani Julius Wolff aliliandika 1892, na wanaangani wanalijua vizuri maana huko juu bila uzito nyonga inapoteza asilimia 1 hivi ya mfupa kila mwezi. Kwa hiyo nikikuambia mazoezi ni ya wiki 12 hiyo namba sijaitoa mfukoni, na ukiacha wiki ya nne kwa sababu haiumi tena, umelipia msingi ukaondoka kabla ya ukuta.

Kuna bibi alivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu sakafuni, nikagoma kumwanzishia kifurushi chote mpaka daktari ampime wingi wa madini kwenye mifupa, maana mwanamke akishakoma hedhi wabomoaji wanawazidi wajenzi na kuanguka kidogo hivyo hakutakiwi kuvunja kitu. Akaona namzungusha, akaniambia eti mimi ndio sitaki hela. Majibu yalitoka mifupa imekuwa myepesi, na sasa anatumia dawa ambazo mimi siuzi.

Yule mama wa kiti juzi kapiga simu. Anauliza kama anaweza kuja na kiti chake cha nyumbani nione kama kimo kinafaa. Nimemwambia akilete tukipime.