Barua kwa mwanangu Kerubo: hiyo dawa ya thairoidi si ya kuacha ukipata nafuu

Kerubo mwanangu,

Nimeona nikuandikie maana kwa simu hatumalizi, mara uko klasi, mara netiweki imepotea. Juzi uliniuliza "mama, mbona mimi, na sijafanya kitu" halafu ukakata kabla nijibu. Hilo swali nimeenda nalo mpaka Marikiti, nachagua vitunguu huku naliwaza, sasa saa hii wateja wametulia niko hapa kibandani wacha nijibu, na nitaongeza mengine hata kama hukuuliza.

Kweli hukufanya kitu. Si chipsi za usiku, si mtihani, si kukesha na hiyo simu yako (ingawa hilo tutaongea siku ingine), na si mtu alikuangalia vibaya. Tezi ya thairoidi iko hapo mbele ya shingo chini ya koromeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni za kuambia mwili ukimbie mbio gani, moyo upige vipi, chakula kichomwe vipi, joto liwe ngapi. Sasa kwako kinga ya mwili, ile ya kupigana na magonjwa, imeanza kuipiga tezi yako yenyewe ikidhani ni adui, mpaka tezi inalala na homoni zinakuwa kidogo. Ndio maana wakapima antibodi, zile silaha za kinga kwa damu, wakapata ziko juu, na wakaandika Hashimoto kwa ile karatasi. Mimi mara ya kwanza kusikia hilo jina nilidhani ni aina ya gari, daktari akacheka akaniambia huyo ni daktari Mjapani aliyeandika kuhusu huo ugonjwa mwaka 1912. Kwa hivyo si ugonjwa umeanza jana, na si wa mitandao.

Najua shangazi zako wameshasema ni wa nyanya yako kwa sababu alikuwa na goita, ule uvimbe wa shingo. Hapo wanachanganya mambo. Goita nyingi za zamani kule kwetu milimani zilitokana na ukosefu wa ayodini. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila ayodini, na milimani mbali na bahari mvua imeosha hayo madini kwa udongo miaka na miaka, basi chakula kinakuwa nayo kidogo, tezi inafura ikijaribu kukamata hako kadogo kanapita. Ndio serikali ikaanza kutaka chumvi iongezwe ayodini, na soma hiyo pakiti ya chumvi uko nayo hapo Roysambu utaona imeandikwa. Yako wewe si ya kukosa ayodini. Kwa hivyo yule anakuambia uongeze chumvi kwa ugali atakupa presha tu, thairoidi itabaki vile ilikuwa.

Na ule mwani wa jeli unauzwa mtandaoni, ati unasafisha thairoidi, achana nao kabisa. Mwani una ayodini nyingi, na mtu wa Hashimoto akipewa ayodini kupita kiasi tezi inaweza kuzidi kulala. Hao wanaouza hawajui hata wewe una gani kati ya inayolala na inayokimbia, wanauzia wote dawa moja.

Kuna kitu kinaweza kutoka kwangu lakini, nisikufiche. Hii tabia ya kinga kushambulia mwili wake hupita kwa familia, na sisi wanawake inatupata zaidi ya wanaume. Mimi yangu ilianza baada ya kumzaa ndugu yako. Nilikuwa nachoka nachoka, kila mtu anasema ni uzazi, ni kunyonyesha, nani hachoki akiwa na mtoto mchanga. Kitu kilinishtua ni sauti. Ilikwaruza ikakuwa nzito, siwezi kuita mteja akiwa ng'ambo ya barabara, na mama mboga bila sauti anauzia nani? Ngozi ya mikono ilikauka mpaka ikapasuka, nikasema ni maji ya kuosha sukuma. Daktari akaeleza kuna thairoidi hupata wamama baada ya kuzaa, na wengi huisha yenyewe ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Yangu walijaribu kunipunguzia dawa ikakataa, TSH, ile namba ya damu wanaangalia thairoidi nayo, ikapanda tena, ndio nikabaki na dawa.

Na ndio pia huu ugonjwa hukawia kushikwa. Dalili zake zote zinafanana na maisha ya kawaida ya Nairobi. Wewe Julai ulikuwa unavaa sweta mbili na leso juu, lakini ni nani hakuwa anatetemeka Julai? Umechoka, kila mtu amechoka. Umesahau ulichosoma, umeongeza kilo, choo kigumu, nywele zinatoka ukisukwa, uso umevimba asubuhi, mwezi unakuja mzito siku nyingi. Kila moja ina kisingizio chake. Mpaka mtu azipange zote pamoja ndio aseme hapana, hebu tupime damu. Kwa hivyo wale rumeti walikuita mvivu wasamehe, lakini usiwaamini.

Sasa hiyo TSH ilikuchanganya, ukasema "mama wamesema thairoidi yangu iko chini na hapa imeandikwa 28 na kawaida ni kama 0.4 mpaka 4, si iko juu?" TSH haitoki kwa thairoidi, inatoka kwa katezi kadogo chini ya ubongo, ndiko kanaamrisha thairoidi ifanye kazi. Fikiria konda wa matatu, gari likiwa tupu anapaza sauti mpaka anakauka, likijaa ananyamaza. Homoni zako zikiwa kidogo ubongo unapiga kelele, hiyo ndio 28. Ukimeza dawa vizuri kelele inashuka.

Kumeza vizuri sasa. Hapa nataka usome polepole maana wewe ndio unakosea, niliona nilipokuja. Unaamka, unameza thairoidi na ile tembe ya madini ya chuma pamoja, na chai ya maziwa juu yake. Hapo ni kama hujameza. Chuma inaishika hiyo levothairoksini, ndiyo dawa yako ya thairoidi, tumboni haiingii kwa damu, maziwa na kalisiamu vilevile, hata dawa za kiungulia. Na hiyo chuma umepewa kwa sababu mwezi mzito ulikumaliza damu, na mwezi ulikuwa mzito kwa sababu ya thairoidi, unaona vile zinazungukana. Kwa hivyo zote mbili unazihitaji lakini zisikutane. Thairoidi ukiamka tu, tumbo tupu, na maji peke yake, halafu nusu saa mpaka saa nzima ndio chai. Mimi humeza saa kumi alfajiri nikitoka kwenda soko, chai nakunywa kule Marikiti mzigo ukishapakiwa. Ile ya chuma weka saa nane au usiku, ilimradi masaa manne yapite. Kama asubuhi inakushinda kabisa, muulize daktari kuhusu kumeza usiku, kuna watu hufanya hivyo wakishakaa masaa matatu au zaidi bila kula. Na pakiti itoe hapo juu ya gesi, joto huiharibu.

Sukuma wiki kula! Aki hawa watu wa mitandao wanataka kuniharibia biashara. Kuna mteja amenunua kwangu tangu uko praimari, wiki iliyopita ameniambia ameacha sukuma na kabeji kwa sababu zinaua thairoidi. Ni kweli hizo mboga zina vitu vinaweza kusumbua tezi zikiliwa mbichi kwa wingi sana, hasa kwa mtu hana ayodini ya kutosha. Sasa nani kwetu anakula sukuma mbichi kilo nzima? Ukishapika hakuna shida, na mimi nazila kila siku na TSH yangu iko sawa.

Ile imenifanya nikuandikie hasa ni hii. Uliniambia ukimaliza hii pakiti na ujisikie poa utapumzika kidogo. Kerubo, ukijisikia poa ni dawa inafanya kazi, tezi haijapona. Hiyo tembe si ya kutibu kama ya malaria, ni homoni yenyewe ile tezi imeshindwa kutoa, unaimezea kila siku. Na hapa ndipo inadanganya watu, ukiacha leo hutasikia kitu kesho wala kesho kutwa, kwa sababu inakaa mwilini, nusu yake bado iko baada ya kama wiki nzima. Jirani yangu hapa wa viazi aliombewa akaacha, wiki za kwanza anashuhudia kila mahali kwamba ameponywa na hatumii kitu. Baada ya miezi akaanza kufura uso, anaongea polepole, anakalia gunia analala mchana wateja wakimwangalia. Mimi naomba kila siku na wewe unajua, lakini namezea maombi yangu na maji. Na si uchovu peke yake, ukikaa hivyo muda mrefu mafuta kwa damu yanapanda na moyo unaumia.

Lakini hiyo pia isiwe sababu ya kusahau siku moja upanik. Siku moja haitakuangusha, ila kesho yake usijipimie mbili mbili. Na usiongeze dozi ndio ukonde, nimeskia wasichana wakishauriana hivyo kwa gari. Dawa ikizidi moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na miaka ikipita mifupa inadhoofika. Na yangu usichukue ukija nyumbani, mimi ni microgramu 100 wewe umeanzishiwa 50.

Vile vidonge vya nywele vya bayotini ambie watu wa maabara kama bado unavimeza, viache siku kadhaa kabla ya kutolewa damu, huwa vinapotosha majibu. Na siku utaamua mambo ya mtoto, si sasa tafadhali, mwambie daktari mapema hata ukiwa unashuku tu, maana dozi kawaida huongezwa na mtoto miezi ya kwanza anategemea homoni za mamake.

Umeambiwa urudi kupimwa baada ya wiki 6, usiende mapema ati una haraka, kabla ya hapo namba bado inasonga haikuambii kitu. Pesa ya kipimo nitakutumia Ijumaa, si ya kusuka. Ukipata majibu piga picha karatasi zote mbili, ile ya kwanza na hiyo mpya, unitumie nione TSH imefika ngapi, na uniambie unameza chuma saa ngapi siku hizi.

Mamako