Barua za ofisi zisitupwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mada ya sarafu za kale. Kila inapotajwa dola ya fedha ya Marekani yenye mwaka 1804, wasomaji hupewa bei: mwaka 2021 moja iliuzwa dola milioni 7.68, na inaaminika ndiyo aliyopewa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Sawa. Lakini mimi nimefanya kazi ya masjala, na naona uchungu kwamba zinasahaulika barua mbili fupi za kiofisi ambazo bila hizo sarafu ile isingekuwepo, wala tusingejua ilikotoka.

Tarehe 1 Mei 1806, James Madison, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alimwandikia Robert Patterson, mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Alimwagiza kuwa fedha yote ipigwe sarafu ndogo ndogo, kubwa kuliko zote iwe nusu dola. Dola nzima zilikuwa zikitoka kiwandani na kuvushwa nje ya nchi. Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuzipiga tangu 1804.

Barua ya pili ni ya tarehe 11 Novemba 1834. Waziri John Forsyth alimjulisha mkurugenzi Samuel Moore kwamba Rais ameagiza seti kamili ya sarafu za nchi apelekewe Mfalme wa Siam (Thailand ya leo), na nyingine Sultani wa Muscat. Mjumbe alikuwa Edmund Roberts, ambaye Septemba 1833 alikuwa ametiliana na Sayyid Said mkataba wa biashara uliofungulia meli za Marekani bandari zake, Unguja ikiwemo. Ni biashara hiyohiyo iliyotujazia pwani nguo ya merikani.

Sasa tazameni kazi ya kumbukumbu. Seti haiwezi kuwa kamili bila dola, na dola ilikuwa haijapigwa kwa miaka thelathini. Watu wa kiwanda wakafungua daftari, wakakuta mara ya mwisho zimeandikwa dola 19,570 katika mwaka 1804. Wakachonga muhuri mpya wa chuma wa kupigia sarafu, wenye mwaka huo. Kumbe zile zilizopigwa 1804 zilibeba miaka ya nyuma, kwa sababu chuma cha pua kilikuwa ghali na muhuri ulitumiwa mpaka uvunjike. Kwa hiyo hakuna hata dola moja yenye mwaka 1804 iliyopigwa mwaka 1804! Wakusanyaji wa sarafu walibishana zaidi ya karne nzima ilipigwa lini. Mwaka 1962 seti ya Siam ilijitokeza, dola hiyo ikiwa ndani, na maneno ya Forsyth yakapata ushahidi wa kushikika.

Barua hizo hazikuandikwa kwa ajili ya historia. Zilikuwa mafaili ya siku kama mengine yote ya kiwanda kile: kuagiza vipande vya shaba kutoka Uingereza, kupeleka mihuri New Orleans na San Francisco, kuthibitisha kwamba imepokelewa. Katika ofisi nyingi za karne ile, karani aliilaza barua iliyotoka kuandikwa chini ya karatasi nyembamba yenye unyevu, akaibana kwenye mashine, na wino ukahamia. Nakala ilitoka kinyume, ikasomwa kwa upande wa pili wa karatasi. Kazi yote hiyo ili ofisi ibaki na nakala yake ya barua inayoeleza tu kwamba kasha limefika.

Hapa kwetu nimeona majalada yakitolewa stoo na kuchomwa kwa sababu ofisi inahamia jengo jipya. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 ipo, na hairuhusu mkuu wa ofisi kujiamulia peke yake kuteketeza kumbukumbu za umma. Nawaomba maofisa utumishi: kabla ya kuwasha moto, iandikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ili waje wachambue. Nawe Mhariri, nakuomba utume mwandishi aingie masjala za halmashauri zetu aone majalada ya miaka ya 1960 na 1970 yamehifadhiwa wapi, juu ya rafu au sakafuni penye maji.

Msomaji wako,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Tanga