Uwanja wa mbio ukifungwa, vijana watarudi barabarani

Mhariri,

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, watu wanalalamika kuhusu vijana wanaoshindana kwa bodaboda usiku kwenye barabara ya Mbale. Wana haki. Lakini baadhi yao ndio waliotia saini barua ya kutaka uwanja wangu wa mbio za pikipiki ufungwe, na hapo siwaelewi.

Uwanja wangu ni wa udongo, una vilima na kona, mdogo sana ukilinganisha na ule wa Garuga, kando ya Ziwa Victoria. Nilipoanza, pande zote palikuwa mashamba ya mtama na mihogo. Sasa ploti zimeuzwa, nyumba zimefika kwenye uzio, na kila baada ya mbio naitwa kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa.

Malalamiko ya vumbi nayakubali. Hata mpanda pikipiki aliye nyuma, vumbi likitanda, hamwoni aliyeanguka mbele yake. Ndiyo maana nakodi boza la maji. Maji yakizidi, kona inateleza na vijana wanavunjika mikono. Yakipungua, jirani anaanua nguo zikiwa nyekundu. Kazi hiyo simwachii mtu. Nafinya udongo kiganjani; ukishikamana bila kunilowesha, namwambia dereva wa boza basi, inatosha.

Kinachonimaliza ni ambulensi. Isipokuwepo getini, hakuna pikipiki inayowashwa. Ni ya kukodi, na mafuta, dereva na muuguzi nalipa mimi, hata siku ikiisha bila mtu kuchubuka. Ikiondoka na majeruhi tunasimama mpaka irudi, na watazamaji waliolipa shilingi 5,000 wanadai pesa zao. Bima nimeitafuta, wakisikia ni mbio hawataki kuendelea na mazungumzo. Juu ya hayo, ofisi moja inanitoza ada ya leseni ya ukumbi wa starehe, nami siuzi bia wala sipigi disko.

Naendelea kwa sababu nawaona vijana wenyewe. Kwangu hapandi mtu bila helmeti na buti. Konani kuna matairi chakavu. Mmoja akianguka, marshali, yaani msimamizi wa njia, anapunga bendera ya manjano, wote wanapunguza mwendo na ni marufuku kumpita mwenzako hapo. Nani atapunga bendera kwenye barabara ya Mbale saa saba usiku, lori la mizigo likitokea mpakani Malaba?

Naiomba wilaya initambue kama kiwanja cha michezo, na siku ya mbio itukodishe ambulensi ya serikali kwa bei tunayoiweza, pale inapokuwa haina kazi. Majirani nao nawaomba tukae tupange saa za kuanza na kumaliza, maana Jumapili asubuhi kuna ibada na kelele zetu kweli zinafika kanisani. Niko tayari kuanza saa nane mchana.

Mwenye uwanja wa pikipiki,
Tororo