Joto la Moshi linatuangusha wengine, msituambie ni mawazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisemee kitu ambacho kila ikifika Januari mpaka masika yaanze kinatutesa baadhi yetu huku Moshi na sisikii mtu akikizungumzia. Kuna watu joto linatushinda kabisa, sisemi kutokwa jasho kama kila mtu, hapana, nasemea moyo kwenda mbio na umekaa tu, mikono inatetemeka, kizunguzungu, miguu haina nguvu, ngozi inachoma kama imepakwa pilipili, halafu jua likizama unarudi mzima. Mi nauza nguo pale soko la Memorial, na wanaopajua wanajua chini ya turubai saa nane mchana panakuaje.

Ukienda zahanati unapimwa malaria, hamna. Unapimwa taifodi, unaambiwa ipo, unapewa dawa unameza mpaka zinaisha na joto linakuangusha vilevile. Ukirudi unaambiwa una mawazo, punguza stresi. Nyumbani nako yupo wa kusema unajidekeza na yupo wa kusema umetupiwa kitu. Hiyo ndo inaniuma kuliko hata joto lenyewe, maana hakuna mtu mwenye watoto wa kulisha anayeacha wateja akajilaze chini ya meza kwa kupenda.

Kumbe sababu ziko nyingi na zinapimika. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi mwili unazalisha joto jingi, moyo unakimbia, unakonda na huku unakula vizuri. Kuna upungufu wa damu, kuna sukari iliyokaa mwilini miaka mingi ikaharibu mishipa ya fahamu inayoendesha jasho, kuna wamama wanaokaribia kukoma hedhi. Halafu dawa jamani! Zile za presha zinazokukojoza zinapunguza maji mwilini, baadhi ya dawa za aleji na za magonjwa ya akili zinazuia jasho lisitoke vizuri. Pale sokoni wanaomeza za presha ni wengi na nikiwauliza hakuna aliyewahi kuambiwa chochote kuhusu jua. (Usiache dawa yako kwa kusoma barua hii lakini, kamuulize aliyekuandikia.)

Mimi nimepimwa tezi iko sawa, sukari hamna, damu ipo ya kutosha, na sababu haijajulikana bado. Haijajulikana sio sawa na haipo. Februari hiyohiyo nikipanda Kibosho kwa shangazi nalala na blanketi na dalili zote zinakata, sasa mawazo gani hayo yanayobaki mjini?

Kinachonisaidia ni kufungua biashara asubuhi mapema, khanga iliyoloweshwa maji shingoni, na kunywa maji kidogokidogo kabla kiu haijanishika. Nikitoka jasho sana nachanganya lita moja ya maji safi na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ila mwenye presha au sukari aulize kwanza. Na mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka au akazimia na mwili unawaka moto, hapo msikae kumpigia maombi tu, mtoeni juani, mmwagieni maji mumpepee huku mnatafuta gari ya hospitali, na msimnyweshe kitu kama hajitambui.

Wahudumu wetu wa zahanati nawaheshimu, najua foleni zenu, ila kipimo cha malaria kikitoka hamna naombeni muulize mgonjwa anameza dawa gani, mumpime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na kama hamna kipimo cha tezi mumuandikie aende hospitali kubwa. Na halmashauri mtuwekee kivuli cha maana na bomba la maji ya kunywa masokoni na stendi kabla Januari nyingine haijafika, tunalipa ushuru kila siku.

Muuza mitumba,
Memorial, Moshi