Kwa vijana wa Ngamiani mnaorudisha funguo za fremu

Wanangu, asalaam aleikum.

Nimekaa nyuma ya kaunta hapa Ngamiani, Tanga, miaka 38, nauza khanga na vitenge. Siwaandikii kuwakataza kufunga duka mkauze kwa simu. Pango la fremu hudaiwa la miezi sita, pengine mwaka mzima, hujauza hata doti moja. Najua linavyokula mtaji. Na tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mteja wa Lushoto analipa akiwa kwake, mzigo unapanda basi. Nami nauza hivyo.

Kinachoniuma ni bei. Mnaweka picha, mtu anauliza, mnamjibu "njoo inboksi". Kwa nini? Dukani bei naitamka mama wa Chumbageni na bibi wa Pongwe wakiisikia pamoja. Nikimpandishia mmoja, mwenzake ananisuta papo hapo. Bei ya kunong'onezwa inamfanya mteja ahisi anapimwa mfuko.

Halafu wengi wenu ni mawinga. Picha ya mwenye duka mwingine, khanga yenyewe hamjaishika. Ikichuja rangi siku ya kwanza kufuliwa, mteja amrudie nani? Mwaka jana nililipia feni kwa simu. Ilipofika haikuzunguka, na nilipopiga nikakuta namba yangu imezuiwa. Nilikosa hata mlango wa kugonga.

Mlango huo ndio ulionilea mimi. Nilipoanza sikuwa na mtaji. Mwenye duka la jumla alinipa mali kauli, nikawa namlipa baada ya kuuza. Hakuandikiana nami karatasi. Alijua ninapofungua kila asubuhi, basi.

Wala msidhani ukubwa unatosha. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, mwaka uleule iliouza hisa zake New York. Siku hizo Ngamiani tulikuwa tunafungua kama kawaida.

Basi andikeni bei chini ya picha. Uzeni mlichokishika. Semeni wazi mteja ana siku ngapi za kurudisha na arudishe wapi. Fremu moja watu watatu wanaweza kuchangia pango, mmoja akakaa na mzigo, wengine wakahangaika na simu na bodaboda.

Asiye na wa kuchangia naye, aje kwangu. Upande wa kushoto wa kaunta yangu uko wazi, rafu mbili na soketi ya umeme. Miezi mitatu ya kwanza sitaki senti.