Seva ya uangalizi isiwe pambo la ukutani

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na maofisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali, vyuo na maghala ya Mtwara na Lindi. Msimu wa korosho ukifika, wengi hujua kwamba seva imezima pale foleni inapoanza kunung'unika dirishani. Dawa ipo, ni ya bure, na inakaa ndani ya kompyuta moja ya kawaida: Prometheus ya kukusanya vipimo, Grafana ya kuvichora na Alertmanager ya kupiga kelele, zote zikiwa kwenye kontena za Docker, yaani visanduku vinavyoendesha kila programu peke yake ndani ya kompyuta hiyo. Tatizo ni kwamba watu hufunga mbili za kwanza, wakatundika skrini yenye rangi ukutani, wakaiacha ya tatu. Saa nane usiku skrini hiyo inatazamwa na mjusi.

Kwa mashine kumi, kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski ya SSD ya GB 120 inatosha. Piga hesabu mwenyewe: mashine moja ya Linux hutoa vipimo vipatavyo 1,000, ukivisoma kila sekunde 15, kwa mashine kumi unapata takriban vipimo milioni 58 kwa siku. Kila kimoja hula baiti 1 hadi 2, kwa hiyo miezi mitatu haizidi GB 10 na ushee. Lakini Prometheus isipoambiwa hutunza siku 15 tu, hivyo weka --storage.tsdb.retention.time=90d, na uweke pia kikomo cha ukubwa ili isije ikameza diski yote. Kadi ya SD iepukeni. Programu hii huandika usiku na mchana, na kadi haichukui muda kufa.

Kontena zote ziandikwe katika faili moja la docker-compose.yml. Tumieni nafasi za herufi, kamwe si kitufe cha Tab, maana faili hilo litakataa. Kila imeji, yaani kifurushi cha programu ambacho kontena hutokana nacho, iandikiwe toleo lake kwa namba; neno latest litawaletea siku moja toleo msilolijua, tena siku ya mnada. Data ikae kwenye volyumu yenye jina, yaani hifadhi inayosimamiwa na Docker yenyewe. Ukitumia folda ya kawaida, Prometheus hugoma kuwaka kwa kukosa ruhusa, kwa kuwa ndani ya kontena inatumia namba ya mtumiaji 65534 na Grafana namba 472, ilhali folda ni ya root, mtumiaji mkuu wa mashine. Na anayeandika docker compose down -v akidhani anazima tu, ajue hiyo -v inafuta volyumu pamoja na historia yote.

Kosa linalowapotezea wageni siku nzima ni localhost. Ndani ya kontena, neno hilo lina maana ya kontena lenyewe, si kompyuta iliyolibeba. Grafana ikielekezwa http://localhost:9090 haitaona kitu. Iandikieni http://prometheus:9090, yaani jina la huduma lililomo kwenye faili. Node Exporter, inayotoa vipimo vya mashine kupitia poti 9100, ni afadhali ifungwe moja kwa moja kwenye mashine bila kontena, la sivyo mtapata vipimo vya chungu badala ya vya jiko. Kwa Windows ipo ya kwake, poti 9182. Kwenye Grafana ingizeni dashibodi namba 1860, ukurasa wa michoro uliokwisha kuandaliwa, na nywila ya kuanzia, admin, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Usalama una mtego mwingine. Docker ikifungua poti hupita pembeni ya ufw, ukuta wa ulinzi wa mtandao kwenye Linux, kwa hiyo mtu anaamini amefunga kumbe mlango uko wazi. Andikeni 127.0.0.1:9090:9090 ili poti ifikiwe kutoka kwenye kompyuta yenyewe tu, na fungueni Grafana peke yake kwa mtandao wa ndani.

Sasa umeme. Kontena ziwe na restart: unless-stopped, na Docker iwashwe pamoja na mashine. Hayo mawili hayasaidii kitu kama kompyuta yenyewe inabaki imelala umeme unaporudi: ingieni kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla haijawaka, tafuteni mpangilio wa kujiwasha baada ya umeme kurejea. UPS, betri ya akiba, ni lazima. Prometheus ikizimwa ghafla husoma upya kumbukumbu zake inapoamka, huchukua dakika kadhaa, msiikimbilie kuiua mkidhani imekwama.

Kwa mjini Mtwara, Mikindani na Lindi, wekeni jicho kwenye joto. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, feni huanza kulemewa kabla haijasimama, na kipimo cha node_hwmon_temp_celsius kitaonyesha mstari ukipanda wiki baada ya wiki. Huko Newala na Masasi vumbi hufanya kazi hiyo hiyo.

Tahadhari za kuanzia ziwe chache. Ya kwanza ni up == 0, yaani mashine haijibu, ikidumu dakika 5; chini ya hapo kila umeme ukicheza simu italia, na ofisa atainyamazisha kwa hasira. Ya pili ni diski kujaa, ila isiwe ile ya asilimia 90: tumieni predict_linear ikadirie kama diski itajaa ndani ya siku nne, muda wa kutosha hata fundi akiwa Liwale. Kiungo cha kwenda wilayani kikikatika, sheria ya inhibit izuie kelele za mashine zilizo nyuma yake, ibaki moja tu ya kiungo. Ujumbe wa Telegram ni rahisi kuweka (namba ya kundi huanza na alama ya kutoa, msiisahau), lakini intaneti ikikatika hautoki. Modemu yenye laini ya simu itume SMS kwa njia yake.

Saa za ujumbe nazo huja kwa UTC, nyuma yetu saa tatu. Tukio la 9:00 asubuhi litaandikwa 06:00, na sisi tunaosema saa tatu tunabaki na nyakati za aina tatu za kubishania ofisini. Rekebisheni kwenye kiolezo cha ujumbe.

Na seva ya uangalizi ikizima, nani aseme? Wekeni tahadhari isiyozima kamwe, vector(1), iende kwenye mashine ya pili. Ikinyamaza, hiyo ya pili ipige kelele. Ofisi yenye tawi Mtwara na Lindi inayo tayari mahali pa kuiweka: kila moja imlinde mwenzake. Kabla ya kuiamini, chomoeni waya wa seva moja mchana kweupe na mhesabu dakika hadi simu ilie.

Msomaji wako,
Fundi wa mitandao, Mtwara