YAH: Kubadilishiwa kadi yangu ya matokeo ya gofu na kutangazwa mchakachuaji mbele za watu

Kwa Meneja,
Kampuni inayoendesha uwanja wa gofu,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima zote na nimejizuia sana mpaka kufika hapa, maana siku ile ile ningeandika ningeandika mengine. Sheria za mashindano mlibandika nyie wenyewe pale kaunta na masharti ya uanachama mnayo, kwahiyo sianzi kuwaeleza mnachokijua.

Mashindano ya kufunga mwaka nimemaliza mashimo yangu, tumekaa na maka wangu (mchezaji mwenzangu anayeniandikia kadi) tumehakiki shimo kwa shimo, yeye kasaini na mimi nimesaini, nikaipeleka kadi kaunta. Afisa wenu wa mashindano akaiangalia, akaweka kidole kwenye shimo la sita nilipoandikiwa mikwaju 9, akasema "mama, tisa za nini hizi, leo tuna wageni, wadhamini wapo hapo nje, mnatuaibisha". Kabla sijajibu akaikata ile 9 akaandika 6 pembeni. Nikamwambia mwanangu hiyo namba irudishe, nimepiga tisa. Akacheka. Nikamwambia kama hurudishi nipe kadi yangu. Hapo ndo akachukua maiki, watu wamekaa wanasubiri zawadi, akasema kwenye spika kwamba wapo wazee wanaobeba matisa makusudi ili hendikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ipande waje kuchukua zawadi za bure, na leo tumemkamata mmoja. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi, maana ni mimi niliyekuwa nimesimama pale. Kwenye ubao likatoka jina langu na DQ mbele yake, yaani nimetolewa mashindanoni.

Sasa naomba nikuulize Meneja, kwa adabu kabisa. Kanuni ya 3 ya gofu inasema mwenye dhamana ya namba ya kila shimo ni mchezaji. Kazi ya kamati ni kujumlisha na kukokotoa hendikapu. Wapi imeandikwa afisa anaruhusiwa kushika kadi ya mtu iliyosainiwa akashusha namba? Tena mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mchezaji akisaini namba ndogo kuliko aliyopiga anatolewa, akisaini kubwa inabaki hiyo hiyo kubwa. Mwaka 1968 kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 3 shimo la 17, mwenzie Tommy Aaron akamwandikia 4, yeye akasaini bila kuona, ile 4 ikabaki, na mkwaju huo mmoja ukamkosesha nafasi ya kurudiana na Bob Goalby kugombea ubingwa. Haya tumefundishwa kwenye semina yenu wenyewe, pale pale uwanjani! Kwahiyo mtu aliyeweka 6 juu ya saini yangu alikuwa ananitengenezea wizi, halafu nilipoukataa ndo mimi nikaitwa mwizi.

Na hiyo tuhuma yenyewe haina kichwa wala miguu. Shimo la sita ni pa 4 (mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne), kwa hendikapu yangu napata mkwaju mmoja pale. Kwenye hesabu ya hendikapu shimo halihesabiwi zaidi ya pa, jumlisha mbili, jumlisha mikwaju unayopewa, kwahiyo mwisho wangu pale ni 7. Hata ningeandika 15 mfumo unaikata inakuwa 7. Na baada ya hapo wanachukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwahiyo raundi mbovu moja inaachwa nje haigusi kitu. Huu mfumo umeanza 2020, dunia nzima inautumia, afisa wa mashindano haujui?? Au anaujua ila alitaka tu kunifunga mdomo, na mimi naamini ni hili la pili.

Maana tatizo siyo 9 yangu. Tatizo ni kwamba 9 yangu inaonyesha uwanja wenu ulivyo.

Nikueleze hiyo tisa ilivyopatikana. Nimepiga mkwaju wa kwanza pale tii vizuri, mpira umeenda katikati ya fewei (njia ya majani mafupi kuelekea shimo), safi, kedi wangu, mtoto anayenibebea begi, kashangilia kabisa. Tumefika tumeukuta umedidimia ndani ya mfereji wa tairi la trekta, trekta lenu la kukatia majani lilipita pale mvua zilipoanza na hakuna aliyerudi kufukia. Maji hakuna, yangekuwepo ningejua napata nafuu ya bure kama maji ya muda. Ni tope tupu. Chokaa hakuna, kigingi hakuna, alama ya eneo linalotengenezwa hakuna, na asubuhi nilimuuliza stata, yule anayetuanzisha mchezo, kama leo kuna sheria ya uwanja ya kuinua mpira, kusafisha na kuweka, akanijibu "cheza tu mama". Haya, nikacheza. Unacheza uwanja unavyoukuta na mpira unavyolala, ndo gofu. Mkwaju wa pili tope, wa tatu tope, wa nne nimetoka, wa tano bunka (lile shimo la mchanga la kizuizi). Bunka halina mchanga! Mtwara hii, mji uliokalia mchanga, bunka lenu ni udongo umeshindiliwa unagonga chuma kinaruka. Wa sita ukapaa juu ya grini (majani laini yanayozunguka shimo) ukapita, wa saba nikaurudisha, pati mbili za kuusukuma shimoni. Tisa. Maka wangu alikuwa anaona kila mkwaju.

Kwenye hiyo grini kwanza kabla ya pati nilipiga magoti nikaanza kusawazisha nyayo za mbuzi kwa mkono, maana tangu 2019 kanuni inaruhusu kurekebisha alama za kwato kwenye grini. Mbuzi wanalala pale Meneja, na mavi yao yapo. Kule upande wa mikoko kuna mashimo ya kaa, nako tunajua shimo la mnyama unapata nafuu, hatulalamiki na kaa, kaa wapo kwao. Tunalalamika na vitu ambavyo tunavilipia ada na vina watu wenye mishahara.

Hatujakataa kucheza kwenye uwanja mbovu. Kiangazi ardhi inapasuka tunacheza, mvua za Desemba mpaka Aprili tunaloa tunacheza, wenzetu sehemu nyingi za Afrika wanapati kwenye browni za mchanga na oili badala ya grini za majani na wanafurahia mchezo wao. Mtu wa ridhaa anazoea. Unajifunza kupiga chini, unachukua fimbo ya chuma badala ya kung'ang'ania dreva, ile fimbo ya kupiga mbali, unalenga sehemu yenye majani hata kama siyo upande wa shimo, unakubali mkwaju mmoja upotee ili usipoteze mitatu. Sisi akina mama tunafundishana hivyo kila Jumamosi. Kitu kimoja tu ambacho uwanja mbovu haukupi ruhusa ni kuandika namba ambayo hujapiga. Na ndicho mnachotaka tufanye, ili matokeo yakibandikwa wadhamini waone namba nzuri wadhani uwanja ni mzuri.

Kuna wanaume pale, siwataji, mpira ukilala vibaya wanausogeza na kiatu huku wanaongea na simu, kedi wao anajua, kila mtu anajua. Hao walipewa mikono siku ile, wakapigwa picha na mabango. Kedi ni watoto wanaoishi jirani hapo, wanajifunza nini? Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, alishindana kama mchezaji wa ridhaa mpaka alipostaafu 1930, na kwenye US Open ya 1925 mpira wake ulisogea kidogo kwenye majani, hakuna aliyeuona, akajiongezea mkwaju mwenyewe, na akaja kulikosa kombe kwenye marudio mbele ya Willie Macfarlane. Huyo leo angekuja kwenye kaunta yenu angeambiwa anabeba.

Labda hujui mimi nafanya kazi gani. Mimi ni mpima mizani kwenye ghala la korosho. Msimu mzima mkulima anashusha gunia lake, anasimama pembeni, hasomi mizani, anasoma uso wangu. Mizani ikisoma namba mimi naandika ile ile, sijali gunia la nani, na huo ndo uandishi niliokuja nao kwenye kadi yenu, sina mwingine. Sasa kedi mmoja baba yake ni mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) tunayoipimia. Wiki ile ile baada ya mashindano, foleni ndefu, mzee mmoja kaniambia mbele ya wenzie "mama, tumesikia huko kwenye gofu unachakachua namba, na hapa je?" Wakacheka lakini nikaona wawili watatu wanasogea kuangalia mizani vizuri. Mnaelewa mmenifanyia nini? Mkulima akishaanza kutilia shaka mizani, hata iwe sahihi, kazi yangu imekwisha. Hii siyo habari ya zawadi ya sufuria na kofia.

Niliandika ujumbe kwenye namba ya ofisi, ukasomwa, kimya. Nikaja ofisini nikaambiwa meneja yupo Dar. Nikarudi nikaambiwa niache jina. Jina langu mnalo, mlilitangaza.

Kinachonichoma mpaka leo, na nitakirudia kwa sababu nyie wakubwa mlikuwa mmekaa na wageni hamkuona, ni ile peni. Ilikuwa peni yangu. Aliniomba, "mama niazime peni", nikampa kwa moyo mweupe nikidhani anajaza muda wa kupokea kadi. Ile kadi ilikuwa imelowa jasho pembeni, akaibana na kidole gumba, akapiga mstari juu ya tisa yangu, mstari wenyewe ukachana karatasi kidogo, akaandika sita. Na wala hakutetemeka, inaonekana siyo mara yake ya kwanza. Maka wangu akasema "kaka mimi ndo nimeandika hiyo, ni tisa", akamjibu "dada wewe kaa". Halafu maiki. Nasimama pale na kiatu kimejaa tope la fewei yenu, mtoto aliyenibebea begi ameinamisha kichwa, mtu mzima mwenye wajukuu, naambiwa kwenye spika "tumemkamata". Kuna mtu akapiga makofi. Na peni hakurudisha, aliiweka mfukoni.

Ninachodai. Kadi yangu irudishwe kama nilivyoisaini, 9 iwe 9, DQ ifutwe, na raundi iingizwe kwenye mfumo ilivyochezwa, maana nimechungulia nikakuta mmeingiza ile yenye 6, yaani kwenye ubao nimetolewa na kwenye hendikapu mmeniwekea namba ya uongo, vyote kwa pamoja! Afisa aombe radhi kwa maiki ile ile, siku ya mashindano yajayo, watu wakiwa wamekaa, na siyo ujumbe wa simu. Ada ya kushiriki nirudishiwe. Na kabla ya mashindano yoyote kuwe na karatasi kwenye tii ya kwanza inayosema hali ya uwanja ikoje na sheria gani ya uwanja inatumika, na mifereji ya trekta iwekewe chokaa, chokaa bei yake mnaijua. Nawapa siku 14.

Tena hapana, nikifikiria nilivyozungushwa pale ofisini, 14 ni nyingi. Siku 7 tangu barua hii ipokelewe, na nakala yangu itagongwa muhuri na tarehe, msiponigongea nitakuja na shahidi. Zikipita nadai ada ya mwaka mzima, maana nimelipia uwanja wa gofu, sijalipia malisho ya mbuzi. Na nakala inaenda Chama cha Gofu Tanzania (TGU) pamoja na picha ya kadi, kwa sababu maka wangu aliipiga picha kwa simu kabla hatujaikabidhi, tisa inaonekana na saini zote mbili zinaonekana. Inaenda na Tume ya Ushindani, tuone kama kuuza huduma ambayo haipo ni sawa. Wadhamini wale nao wana anwani. Na kuhusu kutangazwa mchakachuaji hadharani nimeshaongea na wakili hapa mjini, kasema nilete mashahidi tu, na mashahidi ninao, akiwemo maka wangu na kedi wawili ambao wazazi wao wameshakubali.

Akina mama wa Jumamosi wameniambia hawalipi ada ya mwaka mpya mpaka hili liishe. Sijawatuma, wameamua wenyewe.

Na huyo afisa asiguse tena kadi ya mtu yeyote. Hili halina siku 7, hili naomba lianze kesho asubuhi.

Wenu,
Mwanachama (jina na namba mnavyo kwenye faili, na kwenye ule ubao kama hamjafuta)

Nakala: TGU, Tume ya Ushindani, Maka wangu, Akina mama wa Jumamosi.